Mguu wa Kiti na Ukuta wa Tani Mbili: Kamera Inavyolifanya Anguko Lichekeshe

Kazi inayonilisha ni kuhariri video za harusi. Mwaka juzi, nikipekua picha za sherehe moja, nilikutana na kipande cha sekunde kumi na moja. Babu wa bwana harusi amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakula pilau. Mguu mmoja wa nyuma wa kiti unaanza kupinda. Unapinda taratibu kama mshumaa juani, na mzee anaendelea kula. Mara kiti kinafyatuka, mzee chini. Familia ikaniomba nikirushe kipande hicho kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nikakikata kama tunavyokata kila kitu siku hizi, moja kwa moja kwenye tukio. Sekunde tatu: kiti, puu, sakafu. Nikalirudia anguko kwa mwendo wa pole, nikabandika mlio wa sufuria. Majibu yaliyokuja: "Poleni jamani." "Babu ameumia?" "Nani alikodi vile viti?" Shangazi mmoja akauliza alipelekwa hospitali gani. Hakucheka mtu.

Usiku nikarudi kwenye picha za awali na kuona nilichokuwa nimekitupa. Nyuma ya mzee kuna mtoto wa kama miaka sita. Ameuona mguu wa kiti. Anautazama, anamtazama mzee, anaitazama sahani yake, anaendelea kula. Nikazirudisha sekunde zote. Nikaondoa mwendo wa pole na ule mlio, nikaiacha picha pana kama ilivyopigwa. Mwisho nikaacha sekunde mbili za baada ya anguko: mzee ameketi sakafuni, sahani iko sawasawa kiganjani, hata punje haijamwagika. Safari hii kundi halikulala. Kuna watu walinipigia simu wakiwa hawawezi kuongea kwa kucheka.

Mzee ni yuleyule na sakafu ni ileile. Tangu siku hiyo sinema za michezo ya hatari, zile ambazo stelingi anaruka, anaanguka, anagongwa na sisi tunashika mbavu, naziangalia kwa jicho lingine. Tumezoea kudhani kwamba anguko lenyewe ndilo linalochekesha. Ingekuwa hivyo, kamera za usalama za barabarani zingekuwa na mashabiki kuliko wachekeshaji wote wa nchi hii. Anguko likiwa peke yake ni habari, tena mara nyingi habari mbaya. Huwa kichekesho pale mtazamaji anapojua jambo ambalo anayeanguka halijui, akaachiwa muda wa kukaa na siri hiyo, na akaonyeshwa mahali pote pa tukio kwa mpigo mmoja. Kazi hiyo yote hufanywa na kamera na mkasi wa mhariri. Mwili wa mchezaji ni malighafi.

Ukuta

Mfano usiochuja ni wa mwaka 1928. Katika Steamboat Bill, Jr., Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa zama za filamu bubu, amesimama mtaani mbele ya nyumba, kimbunga kinavuma. Mtaa huo ulijengwa kwa ajili ya filamu kando ya mto huko Sacramento, California, na upepo ulitoka kwenye injini za ndege. Hadithi ya awali ilitaka mafuriko. Lakini mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika ukaua watu wengi, ikaonekana mafuriko si jambo la kuchekea, yakageuzwa kimbunga.

Ukuta mzima wa mbele unang'oka kwenye nyumba na kumwangukia Keaton, ambaye ameupa mgongo. Juu kwenye ukuta kuna dirisha dogo lililo wazi, naye amesimama palepale dirisha litakapotua. Ukuta unalala chini pande zake zote, umemkosa kwa inchi chache. Uzito unaotajwa ni kama tani 2, na haikuwa mbwembwe: ukuta mwepesi ungepindwa na upepo wa zile injini ukatua kombo. Alama ya pa kusimama ilikuwa msumari uliopigiliwa ardhini. Watu kadhaa waliokuwa kazini siku hiyo waligeuza nyuso wasitazame.

Sasa iangalie kamera. Haitikisiki wala haimsogelei Keaton kutuonyesha jasho lake. Imekaa mbali, imenyooka, ina ukuta wote, mtu wote, na ardhi anayoikanyaga. Hebu tuipige shoti hiyo kwa mtindo unaopendwa leo: uso wake, kata, ukuta unatikisika, kata, mama fulani anapiga ukelele, kata, vumbi, kata, loo, mzima! Kila kipande kingependeza, na kicheko kisingekuja. Mkato ni mlango, na mtazamaji, hata kama hajawahi kusikia neno uhariri, anajua kwamba nyuma ya mlango kuna kitu kimefanyika asikione. Akishahisi hivyo, anaacha kuogopa. Asipoogopa, hana pumzi ya kuiachia, na kicheko cha aina hii kwa sehemu kubwa ni pumzi iliyobanwa ikaachiwa.

Kuna sababu nyingine ya picha kuwa pana, na wengi huisahau. Kichekesho cha ule ukuta ni cha maumbo: kuna tundu, na kuna mtu wa kutosha kwenye tundu. Ukiisogeza kamera karibu, dirisha linatoka nje ya fremu na kichekesho kinaondoka nalo. Hofu inaweza kuishi kwenye picha ya karibu, kwa kuwa hofu inahitaji macho tu. Kichekesho cha mwili kinahitaji miguu, sakafu, na kile kitu ambacho mwenyewe hajakiona.

Halafu kuna uso. Ukuta umeshalala, vumbi linatimka, na Keaton amesimama na uso wake wa jiwe kama mtu anayesubiri daladala. Kuelewa kunamjia baadaye, ndipo anatimua mbio. Nafasi iliyopo kati ya ukuta kutua na yeye kuelewa ndiyo kiti cha mtazamaji. Angepiga kelele papo hapo, angetunyang'anya kazi yetu.

Hakulizua wazo hilo siku hiyo, kwa njia. Toleo dogo lenye ukuta mwepesi lilikuwa limeonekana kwenye filamu fupi za 1919 na 1920 alizocheza. Ilimchukua karibu miaka kumi kukuza utani uleule mpaka ukafikia kiwango cha kumuua.

Garimoshi la pili

Katika One Week ya mwaka 1920, Keaton na mkewe wamejenga nyumba ya mbao ya kuunganisha vipande, imewatoka vibaya, sasa wanaihamisha kwa kuikokota. Inakwama katikati ya reli. Garimoshi linakuja. Wanasukuma, wanavuta, haisogei. Wanajitupa pembeni na kufumba macho. Garimoshi linapita kwenye njia ya reli ya pembeni, nyumba haijaguswa. Wanapumua, nasi tunapumua. Na kabla pumzi haijaisha, garimoshi jingine linatokea upande wa pili na kuisambaratisha nyumba.

Ujanja wote uko kwenye umbali wa muda kati ya garimoshi la kwanza na la pili. Likichelewa, mtazamaji anaanza kujiuliza, na anayejiuliza ameshajiandaa. Likiwahi, hajamaliza kushukuru, kwa hiyo hana kitu cha kunyang'anywa. Garimoshi la pili lazima litue juu ya ile "afadhali" akiwa bado nayo mdomoni. Hakuna kanuni ya sekunde ngapi. Unajua kwa kuangalia na watu wengine chumbani. Pia tuliaminishwa kwamba hatari ni moja na inatoka upande mmoja, na kamera ilitusaidia kujidanganya kwa kutuelekeza macho huko.

Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa filamu bubu, alikuwa na njia nyingine ya kuuvuta muda. Katika Safety Last! ya 1923 anapanda jengo refu kwa nje. Mpango ulikuwa apande ghorofa moja tu, kisha rafiki yake, mpandaji hodari, achukue nafasi yake dirishani. Lakini rafiki anakimbizwa na polisi ndani ya jengo, na kila Lloyd anapofika dirishani anaambiwa apande moja zaidi mpaka polisi aachwe. Kila ghorofa ina balaa lake: njiwa wanamrukia, wavu unamwangukia, panya anaingia ndani ya suruali, na pamoja na hayo kuna pale anaponing'inia kwenye mshale wa saa kubwa ya ukutani. Huo ni mwendo wa mkopeshaji anayekuambia njoo kesho. Tunacheka kwa sababu ahadi inajirudia wakati urefu wa kuanguka unaongezeka.

Na hapa lazima niseme jambo linaloonekana kupingana na niliyoyasema kuhusu ukweli wa kamera. Lloyd hakuning'inia juu ya barabara vile tunavyoona. Ukuta wa kuigiza ulijengwa juu ya paa la jengo halisi, karibu na ukingo, na kamera ikawekwa mahali ambapo paa halionekani, barabara tu kule chini. Chini yake palikuwa na jukwaa lenye magodoro. Kadiri anavyopanda kwenye hadithi, walihamia jengo refu zaidi. Shoti za mbali alizifanya mpandaji mwingine. Hata hivyo usimdharau: mwaka 1919 bomu lililodhaniwa ni la kuigizia lilimlipukia mkononi, likamkata kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Yule anayening'inia kwenye mshale wa saa ana mkono mmoja wenye vidole vitatu ndani ya glavu iliyojazwa.

Kwa hiyo kamera inaruhusiwa kudanganya? Kwa maoni yangu inaruhusiwa kudanganya kuhusu mahali ilipo yenyewe. Ikianza kudanganya kuhusu kilicho ndani ya fremu, mtazamaji ananusa. Pembe ya Lloyd inaficha paa, lakini mtu, ukuta na barabara vimo kwenye picha moja, bila mkato kati yao.

Hesabu ya fremu

Mtu akianguka kutoka kimo cha mita 3, anafika chini kwa takribani sekunde 0.8. Hiyo ni sheria ya dunia, haijali wewe ni stelingi au adui. Ukipiga kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha mnato 24 kila sekunde, na kuonyesha kwa 24, anguko zima limekaa kwenye fremu kama 19.

Piga sasa kwa fremu 18, uonyeshe kwa 24. Anguko lina fremu 14 tu na linaisha kwa sekunde 0.6. Jicho halihesabu fremu, lakini limeona vitu vikianguka tangu utotoni na linajua mwendo wa mwili. Mwili unaofika chini mapema kuliko kawaida unaonekana hauna uzito, na kisicho na uzito hakiumii. Huo ndio msingi wa vichekesho vya zama za filamu bubu. Kamera zilizungushwa kwa mkono, mzunguko mmoja wa mpini ukipitisha fremu 8, kwa hiyo mizunguko 2 kwa sekunde ilitoa fremu 16. Mpiga picha akizungusha polepole, watu wakija kuonyeshwa wanakimbia kama kuku waliotishwa. Wapiga picha wa vichekesho walikuwa na saa mkononi mwao wenyewe: wanapunguza kwenye kukimbizana, wanarudi kawaida mtu akisimama kufikiri. Mashine zilipohamia kwenye fremu 24 za filamu zenye sauti, picha nyingi za kale zikaonyeshwa haraka kupita walivyokusudia waliozitengeneza, ndiyo maana vijana wengi wanadhani watu wa zamani walitembea kwa kudundadunda.

Ujanja huo haukufa. Mapigano ya sinema za Hong Kong mara nyingi yalipigwa kwa fremu 22 au pungufu kidogo, kiasi ambacho huoni kasi imeongezwa, unahisi tu kwamba mikono ni miepesi. Zidisha, na pigano linageuka katuni.

Upande wa pili kuna mwendo wa pole. Lile anguko la mita 3, likipigwa kwa fremu 1,000 kwa sekunde, litakaa kwenye skrini kwa zaidi ya nusu dakika. Mwili unapata uzito wote: shavu linatikisika kama maji ya ndooni, nywele zinachelewa kufuata kichwa. Ni picha ya kustaajabisha. Kuchekesha ni habari nyingine. Niliporudia anguko la babu kwa mwendo wa pole, niliwaonyesha wajukuu zake jinsi mfupa wa nyonga unavyokutana na saruji. Walikuwa na haki ya kuuliza hospitali.

Jackass 3D ya 2010, filamu ya kundi la Wamarekani wanaojiumiza makusudi mbele ya kamera, inaonekana kunipinga, maana imejaa mwendo wa pole na watu wanacheka mpaka machozi. Ukiiangalia vizuri, mara nyingi kinachopunguzwa kasi ni uso unapopokea kipigo, na kabla ya hapo tayari tumeona tukio kwa kasi yake au tumeambiwa kinagaubaga litakuwa nini. Tena kuna jambo ambalo kundi hilo limelifanya tangu filamu yao ya kwanza ya 2002: kamera inageuka na kuwaonyesha wanakundi wengine wakicheka, mkurugenzi Jeff Tremaine akiwemo. Yule anayeugulia chini naye anacheka. Hiyo ndiyo ruhusa yetu. Kwenye kiti cha babu, ruhusa ilitoka kwenye ile sahani isiyomwaga punje.

Maturubai

Mwaka 1923, katika Three Ages, Keaton alipaswa kuruka kutoka paa la jengo moja hadi jingine. Aliruka, akagusa ukingo kwa mikono, akateleza na kutumbukia kwenye wavu wa usalama. Aliumia, ikabidi apumzike siku kadhaa. Mtu mwingine angefuta shoti hiyo na kurudia. Keaton alipotazama picha aliamua kosa libaki, kisha hadithi ikapinda kulifuata. Kwenye filamu, baada ya kukosa ukingo anapasua turubai za kukinga jua madirishani, moja baada ya nyingine, anashika bomba la maji ya mvua, bomba linapinda na kumbembea hadi ndani ya dirisha, anateleza sakafuni, anaingia kwenye nguzo ya kushukia, na kumbe ni kituo cha zimamoto. Anatua nyuma ya gari linaloondoka kwenda kuzima moto, na moto wenyewe uko kwenye kituo cha polisi alichotoroka.

Zitazame zile turubai. Anguko tupu kutoka ghorofa kadhaa ni mstari mmoja: juu, chini, mwisho. Halina mdundo. Ukiweka turubai njiani, anguko linakatwa vipande bila kamera kukata. Pa! Pa! Halafu kimya kidogo, halafu puu. Ni ngoma hiyo. Kila turubai inamwahidi mtazamaji wokovu kwa nusu sekunde, kisha inamnyima. Kazi ya mhariri imefanywa na fundi wa maturubai.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1983, Jackie Chan alining'inia kwenye saa ya mnara katika Project A, akaachia mikono, akapasua turubai mbili na kutua chini. Saa ni ya Lloyd, turubai ni za Keaton, zote mbili za 1923, zimekutana Hong Kong kwenye shoti moja. Chan hajawahi kuficha anachodaiwa na wazee hao. Na alijua jambo jingine, kwamba kabla ya kuachia lazima aning'inie. Ananing'inia muda mrefu kuliko inavyostahili, anatazama chini, vidole vinaanza kuchoka. Huo ndio mguu wa kiti unaopinda.

Chan alilelewa kwenye shule ya opera ya Kichina, ambako mwili hufundishwa kwa mdundo wa ngoma na matoazi, na mapigano yake ukiyazimia sauti bado yanapigika mezani kwa vidole: pigo, pigo, pigo, kituo. Kwenye kituo ndipo anapokung'uta mkono aliopigia, uso umekunjamana. Stelingi wengine wanapiga ngumi thelathini na hakuna inayowauma. Yeye ya kwanza tu imemuuma, na ametuonyesha.

Katika Police Story ya 1985 analikimbiza basi la ghorofa na kuning'inia nyuma yake kwa mwavuli. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, na nakumbuka ukumbi uliangua kicheko pale mwavuli ulipotokea, kabla ya hatari yoyote. Angetumia kamba ya kijeshi tungeshangilia. Mwavuli ni kitu cha mama kwenda sokoni, na kamera inauonyesha mzima, na basi lote, na miguu ikitafuta pa kukanyaga.

Filamu hiyohiyo inafundisha pia pale kichekesho kinapokabidhi kijiti. Mwishoni, ndani ya jengo la maduka, Chan anaruka na kuteremka kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa za umeme, cheche zikiruka. Tunalionyeshwa tukio hilo mara tatu kwa pembe tatu. Hapo hakuna anayecheka, na hatukusudiwi kucheka. Kurudia kunasema: tazama, ni kweli, ni yeye. Kunajenga heshima. Kichekesho hakivumilii hivyo, maana kilisimama juu ya kutojua kitakachotokea, na ukirudia papo hapo tumeshajua. Jaribu kuwazia ule ukuta wa 1928 ukianguka mara tatu mfululizo.

Shoti zilizoharibika ambazo Chan huzipanga mwishoni mwa filamu zake, wazo alilolichukua kwenye The Cannonball Run ya 1981 aliyoigiza chini ya mkurugenzi Hal Needham, mwenyewe mruka-hatari wa siku nyingi, zinarudisha kila kitu kwenye kasi halisi. Tunaona mtu amekosea, amelala, watu wanamkimbilia. Kicheko cha hapo kina soni kidogo. Kwenye Armour of God ya 1986 mojawapo ni anguko la kutoka mtini lililompasua fuvu.

Sauti kibandani

Sisi tuliokulia vibandani tuliziona picha hizi kwa mhariri wa ziada. Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya, wasimuliaji walioweka sauti zao juu ya filamu za kigeni, hawakuwa wakitafsiri maneno peke yake. Walikuwa wakigawa muda upya. Adui anapomnyemelea stelingi kwa nyuma, filamu inataka kimya cha woga. Msimuliaji anaingia na kumwambia stelingi ageuke, anamtukania adui mavazi, anamuuliza kama ameaga nyumbani. Woga umekuwa utani bila fremu moja kuguswa. Uganda wakapiga hatua zaidi: filamu za Wakaliga, Kampala, za Isaac Nabwana, kama Who Killed Captain Alex? ya 2010, zilisambaa duniani zikiwa na sauti ya msimuliaji VJ Emmie tayari ndani, akizishangilia na kuzitania. Mwili uliorushwa ukionekana wazi kuwa wa kuigiza, yeye analikimbilia kosa kabla hujalisema, na kosa linakuwa lake. Japani ya filamu bubu ilikuwa na wasimuliaji wa ukumbini wa aina hiyo, benshi, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji.

Msimuliaji mzuri lakini ananyamaza kwenye anguko lenyewe. Sikiliza vizuri utaona. Anaongea mpaka ukingoni, anameza mate, mtu anaanguka, halafu ndiyo anarudi. Wachekeshaji wa simu wa leo wangejifunza hapo, kwa kuwa wengi wanafululiza mlio juu ya mlio mpaka hakuna pa kuchekea.

Na hiyo simu yenyewe, iliyosimamishwa wima, imebadili mchezo kwa namna ambayo bado hatujaizoea. Fremu ndefu na nyembamba inafaa mtu anayeanguka kutoka juu. Turubai za Keaton zingekaa vizuri mno. Lakini vitu vinavyoingia kutoka pembeni, garimoshi la pili kwa mfano, havina pa kutokea, vinajitokeza vimeshafika. Ndiyo sababu vichekesho vingi vya wima vinashtua kuliko kuchekesha. Mimi mwenyewe nilipotakiwa kuikata video ya babu iwe wima kwa ajili ya TikTok, nilikuta ama nimpate babu na mguu wa kiti, ama nimpate babu na mtoto. Wote watatu hawaenei. Nikaiacha ilale, na mistari myeusi juu na chini.

Babu mwenyewe aliiona miezi mitatu baadaye, nilipopeleka diski za familia. Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso kama wazee wanavyofanya. Mguu wa kiti ulipopinda hakusema kitu. Alipojiona ameenda chini hakusema kitu. Akaniomba nirudishe nyuma, nikarudisha. Akaniomba tena. Mara ya tatu akaigusa skrini kwa kidole, palepale kwenye sahani ya mtoto.

"Huyu," akasema, "alikuwa anajua." Akaanza kucheka mpaka miwani ikamshuka. "Alikuwa anajua, akaendelea kula!"